Hewa Nzito ya Kwa Waliolala

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa maabara ya fizikia. Nilipofungua mlango nikakuta kuku ametaga kwenye sinki. Shule hiyo ilikuwa Itaka, kwetu Mbozi, katikati ya mashamba ya kahawa, na mimi nilikuwa nimetoka chuoni na viatu vipya. Mkuu wa Shule, mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, alichungulia juu ya bega langu, akalitazama lile yai.

"Mwalimu Nzunda," alisema, "vifaa ndivyo hivyo unavyoviona. Mtihani wa taifa hauulizi kama ulikuwa na vifaa."

Nawaandikia ninyi walimu mnaoanza kazi sasa, wenye simu zinazoonyesha kila kitu, mjue sisi tulivyofundisha vitu visivyoonekana. Maana ukiiangalia vizuri, sehemu kubwa ya fizikia ya sekondari ni vitu visivyoonekana, na katika hivyo, hewa ndiyo iliyoniandama mpaka nilipostaafu, na hata baada ya hapo.

Somo lenyewe ni jepesi kulisema. Hewa ni chembe, ndogo kupita kiasi, zisizotulia. Zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga kuta za chombo kilichozibeba. Chembe za gesi moja ni nyepesi, za gesi nyingine ni nzito; uzito huo wa asili wa kila chembe tunauita tungamo. Wanafunzi wangu wa Itaka waliandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri na hawakuyaamini hata kidogo. Nikaazima gololi za kioo kwa watoto wa jirani, nikazimwaga kwenye sinia la bati, nikawaambia walitikise. Hapo wakaanza kunielewa kidogo. Lakini gololi zote zilikuwa na tungamo moja, na nilichotaka waone ni kinachotokea pale vizito na vyepesi vinapokaa pamoja.

Hilo nililipata nilipohamishiwa Tunduma. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia, na kwa muda wote aliokuwa hai tuliishi karibu na gereji, mahali ambapo foleni ya malori hailali. Mafundi walikuwa wakitupa beringi zilizokwisha, na ndani ya beringi kuna gololi za chuma. Nilizikusanya kwenye kopo. Chuma na kioo kwenye sinia moja, wanafunzi wanne wanatikisa, darasa zima limesimama juu ya madawati. Baada ya muda mfupi za kioo zinaruka huku na huko kama zimechanganyikiwa, na za chuma zinakwenda polepole, zinasukumwa, zinasita, zinasukumwa tena.

"Kelele gani hizi?" Mkuu wa Shule wa pale, mama mmoja mkali asiyependa kusimama mlangoni bila sababu, alikuja kuuliza. "Barabarani malori, na humu ndani nako malori?"

"Ni hewa, mama," nilimjibu.

Aliangalia sinia mpaka likatulia. Kisha akasema, "Basi hewa ina kelele," akaondoka, na hakunisumbua tena.

Nilichokuwa nikiwaonyesha ni hiki: vitu vikigongana kwa muda wa kutosha, nishati hugawanyika, na kwa wastani kila chembe hupata fungu sawa, iwe nzito iwe nyepesi. Lakini kwa fungu lilelile, nyepesi hukimbia na nzito hutembea. Mpaka leo sijapata namna nzuri zaidi ya kulisema.

Mume wangu alipofariki niliomba nihamishwe. Nilitaka mahali pasipo na honi. Wakanipeleka bondeni, shule moja mbele ya Galula, ambako ukishuka kutoka milimani unausikia mgandamizo wa hewa ukibadilika kwenye masikio. Nilifika juu ya pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Huko ndiko nilikopasikia Kwa Waliolala.

Ni kishimo tu. Ukisimama ukingoni unaweza kumrushia mtu jiwe upande wa pili. Ardhi ya sehemu ile ina mawe meupe na vijito vya maji moto vinavyochemka kimyakimya, na kile kishimo kiko kando ya njia ya kwenda mtoni. Majani ya chini yake ni mabichi hata kiangazi. Kilichonishtua nilipopita mara ya kwanza ni kwamba hakuna ndege aliyekuwa analia. Kote njiani walikuwa wakilia, na nilipofika pale nikasikia viatu vyangu mwenyewe.

"Usisogee zaidi, mwanangu," sauti ilisema.

Alikuwa mwanamke mzee amekaa juu ya jiwe, fimbo mapajani. Mbuzi wake walikuwa wamefungwa juu zaidi, mbali na ukingo. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha chini kwa kidevu. Kanga alikuwa akishuka kishimoni na vifaranga wake nyuma. Walipofika katikati ya mteremko, kifaranga wa mwisho akakaa. Kisha aliyemtangulia. Wakakaa mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama wanafunzi walioambiwa keti. Mama yao akageuka kuwatafuta. Kichwa chake kilikuwa juu kuliko vyao, na yeye alikuwa mzima kabisa. Alizunguka akiwaita. Kisha akainama kumgusa mmoja kwa mdomo, na hakuinuka.

Nilirudi nyuma hatua mbili.

"Umeona," alisema yule mzee. Aliitwa Bibi Namonje, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote na pale mahali. "Asubuhi ndiyo mbaya. Upepo ukianza, panapungua. Ukisikia pua inauma kama soda imekupanda, rudi. Usingoje."

Maneno yake ya soda yalinifungua akili. Kinachouma pua kwenye soda ni hewa ukaa, gesi ileile tunayoitoa tukipumua, ambayo chembe zake zina tungamo kubwa kuliko za hewa ya kawaida. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kama mtu anayesikiliza jina la kizungu la mmea alioulima maisha yake yote.

"Sawa," alisema. "Lakini wewe usishuke."

Wenyeji hawakushuka. Walikuwa na sababu yao: walisema Bibi Namonje ndiye mwenye kishimo, na walimpa salamu wakiwa mbali, bila kusimama. Yeye alizizoea salamu hizo. Wasiojua walikuwa wageni, na wageni walikuwa wengi kwa ajili ya dhahabu. Kati yao walikuwapo ndugu wawili, Lazaro na mdogo wake Festo, wachimbaji wadogo waliopanga chumba karibu na shule. Lazaro ndiye aliyeamua kwamba chini ya majani mabichi kama yale lazima kuna kitu.

Walimkuta asubuhi, amelala ubavu, sururu mkononi. Hakuna jeraha, hakuna damu, uso umetulia. Waliomtoa walifanya hivyo mchana upepo ulipokuwa mkali, na wao hawakupatwa na lolote, na hilo likaonekana ni ajabu kuliko kifo chenyewe.

Jioni hiyohiyo Festo alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akipiga kelele, macho mekundu. "Jana yake yule bibi alimwambia kaka yangu, mbele yangu, 'Ukishuka kule utalala.' Akalala! Mbuzi wake mbona hawalali? Mbona yeye halali?"

Watu wakaanza kuongea mambo yao ya zamani. Mtoto wa fulani, ng'ombe wa fulani. Ninyi mnajua mazungumzo ya aina hiyo yanaelekea wapi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye busara lakini mwoga, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nimeitisha mkutano ili niwacheleweshe tu. Wakitoka mkutanoni bila jibu, yule mama hana siku nyingi."

Nikaenda kwa Mwalimu Haonga. Alikuwa akifundisha hisabati, kijana mkimya, na ndiye peke yake pale shuleni aliyejua kuiandikia kompyuta maagizo. Tulikuwa tumepewa kompyuta chache za msaada, zikitumia umeme wa jua. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba anitengenezee uigaji wa lile sinia langu, yaani kuiga kitu cha kweli kwa hesabu tupu. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo: kisanduku kwenye skrini, ndani yake vidoti vya bluu vyepesi na vyekundu vizito, kila mgongano ukipigiwa hesabu yake. Vilianza vyote kwa kasi moja, na muda si mrefu vya bluu vikawa vinakimbia na vyekundu vinatembea, kama kioo na chuma kule Tunduma, ila bila sauti.

"Ongeza mvutano wa dunia," nilimwambia. "Nataka watu waone nzito zinavyozama chini zikajaa kishimo."

Akaongeza. Tukasubiri. Vidoti vyekundu havikuzama. Vilibaki vimechanganyika na vya bluu, vikigongwa kila upande, juu na chini.

Haonga akavua miwani. "Kuna kitu hapa hakikai sawa, Madam."

Tulikaa nalo kutwa nzima. Tungamo la chembe si jiwe la kuzama. Chembe nzito ikigongwa na nyepesi bila kukoma inapandishwa na kushushwa kama nyingine zote, na gesi zilizokwisha kuchanganyika hazijitengi zenyewe. Nikakumbuka vile vijito vinavyochemka. Nikamwambia atoboe tundu kwenye sakafu ya kisanduku, vyekundu viingilie hapo, vingi, bila kusita, na juu aache wazi pasipo upepo.

Ndipo ikatokea. Vyekundu vilitanda sakafuni kwanza kwa uchache, halafu vikajaa, tabaka moja lililolala chini kama maji kwenye beseni, na uso wake ulikuwa ukitetemeka kwa kugongwa na vya bluu kutoka juu. Haonga alipoongeza upepo, tabaka likafagiliwa. Alipouondoa, likaanza kupanda tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Ile gesi haikuwa imetupwa mle na mtu. Haikuwa hata imeshuka. Ardhi ilikuwa inaitoa.

"Zima," nilimwambia Haonga. Sikutaka kuendelea kuitazama.

Siku ya mkutano tuliweka kompyuta juu ya meza mbele ya ofisi ya kijiji, tukaifunika kwa khanga ili mwanga usiifiche skrini. Watu walipita kwa zamu kuchungulia. Bibi Namonje aliketi kwenye kiti cha peke yake, fimbo mapajani, akitazama miguu yake. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa mbele akaniuliza:

"Mwalimu, hivi vyekundu, nani anaviendesha?"

"Hakuna, baba. Vinagongana vyenyewe."

"Haviendeshwi na mtu."

"Haviendeshwi."

"Na vinaua."

Nikaitazama skrini.

"Basi ndivyo tunavyovisema sisi," alisema yule mzee, na akageuka kuwatazama wenzake. "Vitu visivyoonekana, vinatembea bila kuendeshwa, vinakaa pale kwa huyu mama. Mwalimu ameviona kwa mashine. Sasa tubishane nini?"

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mama mmoja aliyekuwa bado anachungulia chini ya khanga alijitoa ghafla, akajifuta macho kwa ncha ya nguo kama aliyeingiwa na kitu. Kwa maelezo yangu mwenyewe nilikuwa nimemsogeza Bibi Namonje karibu zaidi na vijana waliosimama nyuma, ambao wengine hawakuja mikono mitupu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwita Festo kwa jina. "Wewe ndiye uliyefiwa. Twende. Utashika wewe, si mimi, si Bibi Namonje. Yeye abaki hapahapa na Mwenyekiti."

Tukaenda, na kundi zima nyuma yetu. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na upepo umetulia. Nilifunga koroboi kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nikaiwasha, nikampa Festo, nikamwambia asimame ukingoni na aishushe taratibu. Akashusha. Moto uliwaka vizuri mpaka usawa wa magoti ya mtu aliyesimama chini pale, kisha ukakatika. Haukuyumba wala haukufifia. Ulikuwapo, na haukuwapo.

Festo akauvuta mwanzi, akawasha tena, akahamia upande mwingine. Ukakatika usawa uleule. Akampa rafiki yake. Ukakatika. Akampa yule mzee wa maswali, naye akashusha, na moto wake nao ukakatika. Nikawasha majani mabichi kwenye kopo, nikalishusha kwa kamba. Moshi ulimwagika, ukafika mahali palepale, ukatanda. Ukalala kama vile kuna kioo. Festo alipoupitishia mwanzi, moshi wote ukafanya mawimbi, ukaenda mpaka ukuta wa upande wa pili, ukarudi.

Aliangalia mawimbi yale mpaka yakatulia. "Kwa hiyo kaka alizama," alisema.

"Alizama, Festo."

"Ila si kwenye maji." Akakaa chini palepale, akalia kama mtoto, na wale vijana waliokuja na marungu wakawa ndio wanaomshika mabega.

Jioni hiyo Bibi Namonje alirudi nyumbani kwake akisindikizwa, na tangu siku hiyo watu walisimama kumwamkia. Mkuu wa Shule wa pale bondeni aliniita ofisini. "Mwalimu Nzunda, hii ndiyo fizikia," alisema, akanipa mkono. Nilijisikia mrefu. Sitawaficha, kwa muda nilijiona nimeifanya kazi yangu yote.

Na Festo alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na hakuwahi kukaa kwenye dawati langu. Aliacha kuchimba, akanunua pikipiki, na kila mgeni aliyembeba alimpeleka kuona moto unavyokatika. Aliyajua maneno yote: chembe, tungamo, mgongano. "Hii kitu si uchawi, mjomba, ni sayansi," nilimsikia akimwambia mtu. "Inaishia magotini. Ukisimama wima uko freshi." Nilimwambia mara nyingi kwamba magotini ni mchana, na kwamba asubuhi ya baridi, bila upepo, haina kipimo. Aliitikia, "Nimekusoma, Madam." Watoto nao wakaanza kwenda kucheza na moshi. Niliwafukuza. Wakarudi.

Miezi ya baridi ilipofika, asubuhi moja nilisikia mtu akipiga kelele kutoka njia ya mtoni. Nilikimbia na khanga ya kulalia. Bibi Namonje alikuwa ukingoni, amewazuia wanaume wawili kwa fimbo iliyoshikwa mlalo, mwanamke mwenye umri ule, na walikuwa wanamsukuma wapite. Chini, Festo alikuwa amelala kifudifudi. Pikipiki yake ilikuwa juu, bado ina joto. Abiria wake alikuwa amekaa njiani, anarudia maneno yaleyale: kwamba Festo aliona kanga amelala, akasema ngoja nikuletee mboga, akashuka akiwa wima kabisa, anacheka, kisha akainama kumwokota.

Nilisikia pua inaniuma pale pale niliposimama, juu, ukingoni.

"Hakuna kushuka!" nilipiga kelele. "Ukishuka unakuwa wa pili!"

Tulimvuta kwa ndoano ya kuvutia ndoo kisimani iliyofungwa kwenye mianzi. Ilichukua muda ambao sipendi kuukumbuka. Tulipomgeuza, uso wake ulikuwa umetulia kama wa kaka yake, na kanga alikuwa bado mkononi, vidole vimemfumbata vizuri. Hakuna aliyemlaumu mtu. Hilo lilinitisha. Walisema, "Ni gesi," wakatikisa vichwa, na wengine walikuwa wakiyatazama majani ya chini kwa udadisi wa mtu anayepima kina cha mto.

Baada ya mazishi nilimfuata Bibi Namonje. Alikuwa anachambua mboga. Aliniacha nikae mpaka akamaliza fungu zima.

"Walipokuwa wananiogopa mimi," alisema, "mwenyeji hakushuka pale. Wageni tu, na hao nilikuwa nakaa nawangoja. Sasa hawaniogopi. Na ile yako hawaiogopi pia, maana umewaambia jina lake."

"Tutaweka uzio, Bibi. Na kibao."

"Wekeni." Akaweka sufuria chini. "Halafu nenda kwenye mkutano kawaambie ulikosea. Waambie ni mimi."

"Bibi, watakuua."

"Miaka yote hawakuniua. Waliniogopa vizuri. Wageni ndio waliotaka kuniua." Akanitazama, na macho yake yalikuwa meupe pembeni. "Waambie ni mimi, mwanangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Niliondoka. Uzio tuliuweka, Mwenyekiti mwenyewe akishika koleo. Waya ulikwenda kwanza, ukaonekana baadaye kwenye banda la mtu. Nguzo zikawa kuni. Kibao chenye fuvu jekundu nilikikuta kimefunika matofali ya mtu mmoja, fuvu limeelekea chini. Wakati wote huo Bibi Namonje alikwenda kukaa juu ya jiwe lake kila asubuhi ya baridi, akiwafukuza watoto, nao wakimcheka, maana sasa alikuwa bibi tu.

Nilipelekwa Chitete, makao ya wilaya ya Momba, nikawa afisa taaluma katika ofisi ya elimu. Ilikuwa kazi ya kukagua masomo kwenye shule ambazo barabara zake hukatika mvua zikianza. Afisa Elimu wa pale alipenda kunitambulisha kwa wageni kama mwalimu aliyeshinda uchawi kwa kompyuta. Nilimwomba aache. Hakuelewa kwa nini, akadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa nikizunguka na uigaji wa Haonga nikiwaonyesha walimu wa fizikia, na kila nilipofika kwenye lile tabaka jekundu linalopanda, niliisimamisha mashine nikaendelea kwa mdomo.

Bibi Namonje alifariki kitandani kwake, kwa uzee. Mimi nilistaafu. Ndugu zangu wa Itaka walinitengea chumba na kipande cha shamba la kahawa, na wanashangaa mpaka leo kwa nini sikukaa kwenye ubaridi ule mzuri. Nilikwenda bondeni nikapanga nyumba ya Bibi Namonje kwa binti yake anayefanya biashara Tunduma, ambaye hakutaka hata kuiona. Nina mbuzi wachache. Nawafunga juu.

Asubuhi za baridi nashusha koroboi kwa mwanzi, kama mwalimu anayerudia jaribio. Zamani moto ulikatika katikati ya mteremko. Miaka iliyofuata ukawa unakatika juu zaidi. Kiangazi kilichopita, asubuhi moja tulivu, ulizimika nikiwa bado sijaufikisha ukingoni, na mbuzi mmoja aliyekata kamba alipiga magoti palepale kwenye njia ya mtoni. Nilimvuta kwa pembe huku nimebana pumzi. Ardhi inatoa zaidi kuliko ilivyokuwa ikitoa. Nimewaandikia wahusika, wamekuja, wamepima, wamesema watarudi.

Na njia ile ndiyo watoto wanapita kwenda shule.

Kwa hiyo nimekuwa nikitoka mapema, kabla yao. Navaa kaniki nyeusi, nashika mwanzi wangu wenye koroboi iliyozimika, nasimama katikati ya njia, sisemi. Walipokuja mara ya kwanza waliniambia, "Shikamoo Mwalimu," na nikataka kuwaeleza, mdomo ukafunguka wenyewe, chembe na tungamo na mgongano vyote viko tayari. Nikaufunga. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaanza kurudi nyuma.

Mwenyekiti, ambaye naye amezeeka, alikuja kunionya. "Mwalimu, watu wameanza kusema. Na wewe unajua maneno haya yanavyoishia kwa mwanamke anayeishi peke yake."

"Najua," nilimwambia.

"Nikakanushe?"

Nilimkaribisha chai. Tulikunywa tukiongea habari za mvua, na hakuuliza tena.

Juzi mama mmoja kijana alipita na binti yake mdogo mwenye sare mpya. Aliponiona alimvuta mtoto akamzungusha upande wa mbali wa mwili wake, akaniamkia bila kusimama. Nikamwitikia. Wakapanda kilimani kwenye njia ndefu, ile ya juu, yenye upepo, na nikamsikia mtoto akiuliza kwa sauti kali ya asubuhi, "Mama, yule bibi ana nini?"

"Nyamaza," mama yake alisema. "Tembea."

Nikabaki pale nikihesabu migongo yao mpaka wote wawili wakavuka kilima.